Kabla Damu Haijatundikwa

Wodi moja ya watoto huku Magunga, kaunti ya Homa Bay, inaweza kuwalaza Otieno watatu usiku mmoja, na wote ni Otieno halali, kwa kuwa wote walizaliwa usiku. Kitanda cha pili kina Achieng, cha tano kina Achieng mwingine, na pacha aliyeletwa jioni na homa kali ni Apiyo, huku Adongo akiwa ubavuni mwake na homa hiyohiyo. Desturi ya kumwita mtoto kwa saa aliyozaliwa ni nzuri na sitaki mtu aiache. Lakini mahali damu inapotundikwa, jina hilo moja halitoshi. Familia inayolijua hilo imekwisha kuzuia sehemu kubwa ya madhara ninayotaka kuyaeleza hapa.

Ukiwauliza watu wa Gwassi, Ndhiwa au Karungu wanaogopa nini kuhusu kuongezewa damu, wengi watakutajia Ukimwi. Ni hofu inayoeleweka katika ukanda huu uliozika watu wengi kwa ugonjwa huo. Huduma ya taifa ya damu iliyoundwa baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, yenye kituo cha kanda Kisumu, hupima damu kutafuta virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Hatari isiyozungumzwa sana ni ya aina nyingine: damu iwe safi kabisa, haina kijidudu chochote, na bado mwili wa mgonjwa uikatae.

Sababu yake ilianza kueleweka mwaka 1901, Karl Landsteiner alipoonyesha huko Vienna kwamba damu za watu hazifanani. Chembe nyekundu za damu zina alama juu yake. Mwenye alama A ni kundi A, mwenye B ni kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na hata moja ni O, kundi la karibu nusu ya Wakenya. Kila mtu hubeba katika majimaji ya damu yake kingamwili dhidi ya alama asiyo nayo. Kingamwili hizo hazingoji kufundishwa. Mtu wa kundi O akitiliwa damu ya kundi A, zinazivamia chembe zile ngeni papo hapo na kuzipasua ndani ya mishipa. Figo huziba, shinikizo la damu huporomoka, damu hukosa kuganda. Hata mililita chache zinaweza kuanzisha balaa hili, na mgonjwa anaweza kufa.

Sasa lililo muhimu: duniani kote, damu ya kundi lisilofaa humfikia mgonjwa mara nyingi zaidi kwa sababu ya jina kuliko kwa sababu ya kipimo. Maabara hupima vizuri damu iliyo kwenye kichupa. Tatizo ni kwamba kichupa hicho kilijazwa kwa Achieng wa kitanda cha pili kikaandikwa Achieng wa kitanda cha tano, au painti iliyotayarishwa kwa Otieno mmoja ikatundikwa kwa mwenzake. Kosa la namna hii halihitaji mtu mzembe. Muuguzi mmoja aliyekabidhiwa wodi nzima usiku wa msimu wa malaria, huku mama mwingine akimwita leba, anaweza kulifanya akiwa mwaminifu kabisa kwa kazi yake. Ndiyo maana jicho la pili linahitajika, na jicho hilo ni lako wewe uliyeketi kando ya kitanda.

Kwa hiyo, siku ya kulazwa toa majina yote matatu ya mgonjwa kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Usitoe jina la ubatizo asubuhi na jina la nyumbani jioni. Kama ni pacha, sema ni pacha hata kama mwenzake hajalazwa. Ishike nambari ya kulazwa kichwani au iandike mkononi mwako. Na kuna jambo moja ambalo watu hulifanya kwa huruma bila kujua uzito wake: kumlaza mgonjwa kwa kadi ya bima au kitambulisho cha dada yake kwa sababu yake haijalipiwa. Siku hiyo kundi la damu la dada, lililoandikwa katika faili miaka miwili iliyopita, linakuwa kundi la mgonjwa. Deni la hospitali linaweza kuzungumzwa baadaye na ofisi ya ustawi wa jamii. Damu ikishaingia mwilini haitolewi.

Damu ya kipimo inapochukuliwa, kichupa kiandikwe palepale kitandani, kabla aliyeichukua hajaondoka. Kichupa kitupu kilichoandikwa mapema, au kilichojaa kinachopelekwa mezani kuandikwa huko, ndicho chanzo cha vurugu. Ukiona hivyo, kuna namna ya kusema bila kumvunjia mtu heshima: "Samahani sista, naomba tuandike jina lake hapahapa, wodi hii ina Otieno wengi." Sijui muuguzi makini atakayechukia maneno hayo.

Painti ikifika, wahudumu wawili wanapaswa kusoma pamoja jina, nambari na kundi lililo kwenye mfuko, lililo kwenye karatasi ya maabara na lililo kwenye faili, kisha wamgeukie mgonjwa mwenyewe. Hapo swali linatakiwa kuwa wazi. Mtu mwenye homa ya nyuzi 40 akiulizwa "Wewe ni Achieng?" ataitikia ndiyo, kama angeitikia jina lolote. Aulizwe "Nyingi ng'a?", yaani jina lako nani, naye ajitaje mwenyewe kikamilifu. Kama ni mtoto au mtu aliyezimia, wewe ndiye utakayetaja. Usiseme "ni huyu tu, daktari." Taja majina matatu, taja tarehe.

Damu ikishaanza kudondoka, dakika 15 za kwanza ndizo za kukaza macho. Mhudumu hupima joto, mapigo ya moyo na shinikizo kabla ya kuanza, hupima tena baada ya dakika hizo 15, kisha kila baada ya muda hadi mwisho, na damu huendeshwa polepole mwanzoni kwa sababu hiyo. Huu si wakati wa kwenda kununua chai. Mgonjwa akilalamika kwamba mkono wenye sindano unawaka moto, kiuno kinauma, kifua kinabana, au akasema tu kwamba anahisi kitu kibaya kinamjia, mwamini. Akianza kutetemeka kwa baridi, akipumua kwa shida, akivimba midomo, au mkojo ukatoka mwekundu au wa rangi ya chai kavu, ita kwa sauti. Jambo la kwanza ni mhudumu kuisimamisha damu ile. Sindano hubaki kwenye mshipa, mrija hubadilishwa na dripu ya maji ya chumvi huwekwa, majina yote husomwa upya, na mfuko pamoja na damu mpya ya mgonjwa na mkojo wake hupelekwa maabara. Mfuko huo usitupwe hata ukiwa umebaki na matone mawili. Na kama mgonjwa mmoja amepewa damu isiyo yake, kuna uwezekano kwamba wa kitanda cha jirani yuko karibu kupewa ya huyu, kwa hiyo swali la kwanza baada ya kumwokoa mmoja ni: mwenzake yuko wapi?

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada. Mtoto mwenye malaria kali amefika akiwa na homa tayari, na pengine mkojo wake ulikuwa mweusi tangu jana. Utajuaje kwamba homa ya sasa ni ya damu? Ni kwa kujua hali aliyokuwa nayo kabla damu haijaanza. Mwambie muuguzi rangi ya mkojo wa asubuhi na ujue joto lilisomeka ngapi, ndipo badiliko litakapoonekana.

Si kila mtetemeko ni wa kuua. Homa ndogo inayotokana na chembe nyeupe za mtoaji, na mabaka yanayowasha yanayotokana na protini za damu yake, ni mambo yanayotokea na kutulizwa kwa dawa, na mara nyingine damu huendelea baada ya mganga kuchunguza. Uamuzi huo ni wake, si wa jamaa aliyeketi pembeni. Vilevile usilegeze kidude cha dripu ili damu iishe upesi muwahi gari la Sindo. Mtoto akimiminiwa damu haraka, moyo hulemewa na mapafu hujaa maji hata kama kundi ni sahihi. Usiiweke damu juani wala kwenye maji ya moto eti ni baridi mno, kwa kuwa joto hupasua chembe na mgonjwa hupata madhara yaleyale mnayoyakimbia. Painti iliyotoka kwenye friji ianzwe ndani ya nusu saa na imalizike ndani ya saa nne.

Hayo yote yanahusu damu inayokataliwa saa hiyohiyo. Iko inayokataliwa polepole, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi kwa watu wa ukanda wa ziwa, kwa sababu ya selimundu. Karibu mtu mmoja kati ya watano katika eneo hili hubeba urithi wa ugonjwa huo, na watoto wanaozaliwa nao kwa ukamilifu huongezewa damu tena na tena.

Chembe nyekundu hazina alama A na B pekee. Zina mamia ya alama nyingine, na upimaji wa kawaida hauzilinganishi. Mtu akiongezewa damu yenye alama asiyo nayo, mwili wake unaweza kujifunza kuichukia na kutengeneza kingamwili mpya, mara nyingi dhidi ya alama za jamii ya Rh kama zile zinazoitwa E na C. Mara ya kwanza hakuna kinachoonekana. Utafiti uliofanywa Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kingamwili za namna hii kwa wagonjwa wa selimundu takriban 6 kati ya kila 100 waliokuwa wameongezewa damu. Si wengi kwa hesabu, lakini kila mmoja wao atahitaji damu tena.

Tatizo ni kwamba kingamwili hizi hufifia. Baada ya miezi kadhaa zinaweza kupungua hata maabara isizione, na damu ikilinganishwa inaonekana kukubaliana vizuri kabisa. Mgonjwa anaongezewa, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Mwili nao unakumbuka. Siku 5 hadi 14 baadaye kingamwili zinafurika upya na kuziharibu chembe alizopewa, na mara nyingine hata zake mwenyewe. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa wa rangi ya kola, mwili unauma, homa inapanda, na himoglobini inashuka chini ya pale ilipokuwa kabla ya damu. Nyumbani watasema malaria imerudi. Kliniki watasema ni maumivu ya kawaida ya selimundu. Mtu akikimbilia kumwongezea painti nyingine, anamwagia petroli motoni.

Mtu wa Magunga hatibiwi mahali pamoja. Leo anapelekwa Homa Bay, mwaka kesho yuko kwa mjomba Karungu anaingia hospitali ya upande wa Migori, hali ikizidi anapewa rufaa Kisumu. Kaunti tatu, faili nne, na kila faili inaanza upya kana kwamba mgonjwa hajawahi kuongezewa hata tone. Maabara iliyoigundua ile kingamwili siyo maabara inayotayarisha damu leo. Kumbukumbu pekee inayosafiri na mgonjwa ni ile anayoibeba mwenyewe.

Basi nunua daftari dogo, au tumia kurasa za nyuma za kijitabu cha kliniki, na kila mara mgonjwa wako anapoongezewa damu andika tarehe, hospitali, kundi lake na alama ya Rh, sababu ya kuongezewa, himoglobini kabla na baada, nambari iliyo kwenye kila mfuko, na kama kulitokea homa, mabaka au lolote. Kabla ya kutoka wodini nenda dirisha la maabara uulize: "Kulikuwa na kingamwili yoyote mliyoiona? Kulikuwa na shida kupata damu inayokubaliana?" Jibu likiwa ndiyo, omba waliandike kwa mkono wao na kupiga mhuri. Piga picha ya ukurasa huo kwa simu na uitume kwa watu wawili wa familia, maana daftari linaweza kulowa ndani ya boti au kusahaulika kwa shangazi. Mkifika hospitali nyingine, sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe: "Huyu amewahi kuongezewa damu."

Sentensi hiyo ina kazi. Kwa mtu aliyewahi kuongezewa, mtaalamu wa maabara ana sababu ya kufanya ulinganishaji kamili hadi hatua ya Coombs, inayofichua kingamwili ambazo ulinganishaji wa haraka huzikosa, na ana sababu ya kudai damu mpya ya kipimo badala ya ile iliyochukuliwa wiki jana. Ikiwa aliongezewa ndani ya miezi mitatu iliyopita, damu ya kipimo isiwe imekaa zaidi ya siku tatu. Inachukua muda zaidi. Kama mgonjwa hayuko katika hatari ya dakika hiyo, mwachieni maabara muda huo bila kubisha mlango.

Akina mama wana jambo lao. Mwili wa mwanamke unaweza kujifunza kuzichukia alama ngeni bila hata kuongezewa damu, kwa njia ya ujauzito tu, kwa sababu chembe za mtoto aliyerithi alama za baba huvuka na kuingia kwa mama wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika. Inayojulikana zaidi ni Rh. Kwetu walio Rh hasi ni wachache, karibu 4 hadi 6 kati ya kila 100, na kwa sababu ya uchache huo husahaulika. Fungua kijitabu cha Mama na Mtoto, tazama palipoandikwa kundi la damu na Rh. Kama pako wazi, omba kipimo ziara ijayo. Kama ni hasi, zungumzia sindano ya anti-D mapema, maana hutakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya au baada ya mimba kutoka, na pia karibu na wiki ya 28 ya ujauzito. Ni ghali na si kila duka la dawa huwa nayo, kwa hiyo itafuteni mapema, si siku ya uchungu. Msichana au mwanamke wa umri wa kuzaa aliye Rh hasi asipewe damu ya Rh chanya ila pale ambapo bila hiyo atakufa.

Na hapa naingia kwenye imani iliyoshika mizizi, kwamba damu ya ndugu ndiyo bora. Hospitali inapoiambia familia ilete watu wa kutoa damu, mume hujitokeza kwanza na kusema yake aingiziwe mke wake moja kwa moja. Ni upendo, lakini kwa mwanamke ambaye bado atazaa ni chaguo baya. Yaelekea mwili wake umekwisha kukutana na alama za mume kupitia mimba, na kama haujakutana nazo, damu hiyo itamfundisha kuzichukia, na mimba ijayo inaweza kulipa gharama. Damu ya baba, mama au ndugu wa tumbo moja ina hatari nyingine, adimu lakini karibu haina tiba: chembe nyeupe za ndugu zinafanana mno na za mgonjwa, mwili haushtuki kuziondoa, zinabaki, zinaota mizizi na kuanza kuushambulia mwili uliozipokea. Huzuiwa kwa kuimulika damu kwa mionzi, kwa mtambo usioukuta katika hospitali za huku. Kwa hiyo toeni damu, tafadhali toeni, ila muiache iende kwenye akiba ipimwe kama nyingine zote, na mgonjwa wenu apewe ya mtu asiyemjua. Kanisa, shule ya upili au kikundi cha wavuvi wa Nyandiwa wanaotoa damu mara kwa mara bila kusukumwa na msiba humpa mtaalamu wa maabara kitu anachokihitaji kuliko chote, yaani nafasi ya kuchagua. Mwenye painti moja kwenye friji halinganishi, anatoa alichonacho.

Damu isiyoongezwa haiwezi kukataliwa na mwili, na wako wanaoongezewa bila kuihitaji. Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba damu iliwaokoa watoto waliokuwa na himoglobini chini ya 4.7 pamoja na shida ya kupumua, na wale wa chini ya 3.9, ikiwa waliipata siku ya kulazwa au kesho yake. Kwa wa juu ya hapo haikuonekana kuongeza uhai. Mwaka 2019 utafiti wa TRACT, uliofanywa Uganda na Malawi, uliwafuata watoto wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari. Walioongezewa papo hapo na waliosubirishwa kwa uangalizi wa karibu hawakutofautiana kwa vifo, na karibu nusu ya waliosubirishwa hawakuhitaji damu kabisa. Kwa hiyo daktari akisema "tusubiri kwanza, tutampima tena baada ya saa chache," hajamtelekeza mtoto wako. Muulize tu atampima saa ngapi na ni dalili gani zitakazobadilisha uamuzi, kisha uzitazame.

Bora zaidi ni kuzuia hali zinazoleta haja ya damu. Kwa mwenye selimundu, ulizia haidroksiyurea. Utafiti wa REACH, uliohusisha watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba dawa hiyo ilishusha idadi ya kuongezewa damu kutoka takriban mara 43 hadi 14 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na malaria na vifo vikapungua pia. Inahitaji kliniki ya kudumu na vipimo vya damu vya mara kwa mara, na anayeanzishwa asikatishe mwenyewe. Mjamzito ameze vidonge vyake vya madini ya chuma na foliki hata vikimchafua tumbo, na amwambie muuguzi vikimshinda ili wavipange upya. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliizindua hapa jirani Ndhiwa tarehe 13 Septemba 2019, huanza mtoto akiwa na miezi 6 na ina dozi nne. Ya mwisho ndiyo familia nyingi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na mama haendi tena kliniki ya watoto. Tazama kijitabu chake leo, uone kama sehemu ya dozi hiyo bado iko tupu.